Mwizi wa Pesa za Mwajuma Amepatikana

Kondo,

Hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza nimezichana, maana kila nikiandika jina lako nahisi unachungulia begani kwangu unaucheka mwandiko. Cheka. Wewe ndiye uliyesema naandika kama kuku aliyekanyaga wino kisha akaona mwewe. Hii sichani. Ni karatasi ya chuo, ina mstari mwekundu pembeni, na kwa haki yake ni mali ya mkeo, kwa hiyo hata kuichana ni kumtia hasara nyingine.

Nianze na habari za kawaida, maana ulikuwa humpendi mtu anayeingia dukani na shida kabla ya salamu. Fremu yako ameichukua kijana anayeuza makava ya simu. Aling'oa rafu zako za vifungo na nyuzi, na huko nyuma vikaonekana vifungo vilivyokuwa vikidondoka miaka yote, ndoo nzima, kila rangi. Na wewe ulikuwa unawasingizia panya. Mimi bado nipo pale barazani na cherehani, nabadilisha zipu za mabegi ya wafanyabiashara. Kijana ananiamkia vizuri, Shikamoo babu, huku macho yakiwa kwenye simu. Namjibu Marahaba mjukuu wa simu. Hajacheka hata siku moja. Wewe ungecheka, hata kwa kunionea huruma.

Kariakoo inapiga kelele vilevile, spika kila mlango, makuli wanapiga miluzi watu wapishe mikokoteni, na katikati ya yote hayo kuna shimo la ukimya lenye ukubwa wa mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda. Kijana alitaka kukitupa kile kigoda. Nikamwambia asikiguse, kina mtu. Nilikuwa namtania. Lakini tangu siku hiyo haegemei upande ule, na mimi pia, nikiwa peke yangu, siegemei.

Na zipu zinakwama. Hili sikutanii, Kondo. Tangu uzikwe, kila zipu ninayoshona inafika katikati inagoma. Nabadilisha kichwa, napaka mshumaa, nafumua nashona upya, inagoma palepale. Wateja wanarudisha mabegi. Mama mmoja wa Kichaga, mwenye duka la jumla la mapazia, aliniambia kwa upole kabisa, "Mzee Maganga, labda umechoka." Sijachoka. Ni wewe umeshika upande wa pili.

Nikajua unataka nini. Unataka ile milioni moja na laki nne.

Ngoja niyapange kama walivyonifundisha chuoni, moja baada ya jingine, maana sijawahi kuyasema haya yote kwa mpigo hata kwako.

Unakumbuka mimi nilikuwa na deni kabla ya kuwa na daftari. Nilikopa kwa wale wa mtaani tunaowaita kausha damu, nikanunua cherehani ya sindano mbili, na kila Jumatatu binti wao alikuwa anasimama mbele yangu na orodha yake mpaka nitoe. Nililipa mwaka mzima, deni likawa kubwa kuliko nilivyolikopa. Nilikuletea mkataba wao uusome. Ukausogeza mbali, ukausogeza karibu, ukasema, "Maganga, mimi nauza vifungo. Wewe ulisoma jioni mpaka ukapata cheti cha kidato cha nne na mvi kichwani. Nenda ukaisomee hii takataka." Nikadhani utani. Kumbe ulishauliza habari za mtihani wa watu wazima wa kuingilia chuo kikuu, fomu unayo chini ya meza. Nikafanya ule mtihani nikiwa nimewaaga nyumbani kwamba naenda kuchukua zipu. Nikafaulu. Mnyamwezi wa miaka sitini na tatu, mwanafunzi wa sheria.

Ada ndiyo iliyokuwa sina. Ulinipa mchana kweupe, ukafungua katoni ya vifungo vya makoti, ukatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha khanga. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Ulisema nitalipa nikiwa wakili, na kama nitakufa kabla, basi utajua Wanyamwezi siku hizi wanabeba mizigo ya watu mpaka kaburini. Nikakwambia Mzaramo akikopesha ujue minazi imeshauzwa. Tukacheka kama watoto. Nikaenda benki siku hiyohiyo.

Hukuniambia pesa ni za Mwajuma.

Nilijua pale uani kwenu Jangwani, pamoja na wapangaji wengine, Mwajuma aliposimama na mwalimu wa madrasa, yule mwenye kanzu fupi. Kumbe zilikuwa za mchezo wake wa kuchangiana na wenzake, zamu yake imefika, akakupa umtunzie dukani mpaka atakapopata friji la kuuzia barafu na juisi. Friji likapatikana mapema kuliko ulivyopiga hesabu. Akakuomba pesa, na wewe, badala ya kusema nimemkopesha mtani wangu, ulimi ukateleza ukasema zimeibwa. Neno moja, Kondo. Nakujua, ulidhani utazirudisha kimyakimya na kusema mwizi ametubu. Hukumjua mkeo, au ulimjua ukasahau. Mwalimu akatangaza: aliyechukua pesa za Bi Mwajuma apewe siku saba azirudishe hata kwa kuzitupa uani, la sivyo inasomwa Albadiri, na yule itakayempata asimlaumu mtu.

Nikakutazama. Ukatazama kandambili zako.

Siku zile saba nilikufuata kila mara. Tumwambie, nikasema, twende wote wawili tupige magoti. Ukasema mwanamke ameshaitangazia nyumba nzima, ukimwambia sasa unamvua nguo mbele ya wapangaji. Ukasema Albadiri inamtafuta mwizi, na hapa mwizi hayupo, itazunguka itachoka itarudi kwao. Siku ya nane tukakaa mkekani sote wawili. Ubani ukafuka. Mwalimu akasoma. Na pale waliposema amin, wewe ukasema amin, na mimi nikasema amin, kisha nikala maandazi manne na chai ya tangawizi, maana nikikosa hamu ya kula watanishuku.

Baada ya wiki chache kidole cha mguu wako kikatoa kidonda.

Najua ulikuwa na sukari miaka kumi. Najua daktari wa kule Upanga alikueleza habari za mguu kabla hata ya mchezo wa Mwajuma kuanza. Mimi ni msomi sasa, naweza kukuandikia kurasa mbili kwamba kidonda ni kidonda. Lakini nilipokuja wodini na ukanishika mkono ukasema, "Maganga, imenipata," nilikosa utani. Mara ya kwanza tangu tufahamiane. Nilipaswa kukutania, ndiyo kazi yangu, na nilikaa pale kama gogo. Nisamehe kwa hilo kabla ya mengine yote.

Msiba wako ulikuwa mkubwa. Nilifanya yangu kama mila inavyonitaka. Nilivaa kofia yako upande, nikatembea kama wewe, kiuno nyuma, nikawauliza waombolezaji wanataka vifungo vya matundu mawili au manne. Jeneza lilipotaka kutoka nikalala mlangoni nikasema Mzaramo huyu hatoki mpaka watani tulipwe. Watu wakawa wanalia na kucheka kwa sura moja. Ndipo mdogo wako akasimama, akasema yale yanayosemwa: anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, ajitokeze, familia ipo.

Kondo, niliinuka. Wallahi niliinuka na nilikuwa sichezi. Nikasema, "Mimi ananidai. Milioni moja na laki nne, nimezilipia ada ya chuo kikuu."

Msiba mzima ukaangua kicheko. Mtu akasema nyuma, "Mpagazi kaenda chuo." Mdogo wako akafuta machozi ya kucheka, akanibandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso nipishe njia. Nilikuwa na kofia yako kichwani, unaona. Nani angeniamini nikiwa na kofia yako kichwani? Wakakubeba wakanipita. Kutoka ndani nilimsikia Mwajuma, katikati ya kilio chake, akicheka.

Wanasema mpaka leo hakujawa na utani mzuri kama ule.

Mwajuma akiwa edani nilimpa Zena, binti yenu, laki mbili ampelekee mama yake, nikasema ni sehemu ya deni. Zikarudi kesho yake. Zena akasema, "Baba mdogo, mama anasema utani wa msibani umekwisha, na pesa hizi ukanunulie unga kwenu." Nikazirudisha mfukoni. Na hapa niseme ukweli wote: nilifurahi. Ada ya muhula wa pili ilikuwa inanisubiri, na yule binti wa Jumatatu alikuwa ananisubiri, na laki mbili zilipata pa kwenda kabla sijafika barazani.

Maisha ya chuo ungeyapenda. Vijana wananiita Babu Wakili. Wanabishana nani akae karibu nami siku za kazi za vikundi, kwa sababu mimi ndiye pekee ninayekuja na karanga. Usomaji wangu ni wa kidole, mstari kwa mstari, miwani imefungwa kwa uzi wako mweusi namba kumi. Mambo mengi yananipita juu. Lakini mkataba wa kausha damu niliusoma wote, Kondo, mpaka yale maandishi madogo. Nikaenda ofisini kwao na nakala. Nikawaonyesha kwamba faini zao nusu hazimo kwenye karatasi waliyonisainisha. Yule binti akaniuliza kwa mshangao kama si mimi niliyeweka dole gumba. Nikamwambia niliweka dole gumba kwa sababu kalamu yao ilikuwa mbovu. Wakaniita chumba cha ndani, tukakubaliana niwalipe kidogo kila mwisho wa mwezi, faini zisimame. Nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara. Nikajikuta nakimbilia barazani nikusimulie, nikafika, nikaona makava ya simu.

Na palepale chuoni ndipo uliponikamata vizuri. Mwalimu wetu ni binti mdogo kuliko Zena, na anajua kazi yake. Siku hiyo alikuwa anafundisha kwamba neno lililosemwa kwa mzaha halimfungi mtu, mradi msikilizaji wa kawaida angejua kuwa ni mzaha. Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza na mzaha wa msibani je, mtani akisema anadaiwa na maiti? Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alifikiri, akasema, "Babu, kama wote waliosikia walicheka, mahakama haitaona deni hapo."

Mahakama haitaona deni. Shahidi hakuna, karatasi hakuna, na kukiri kwangu kumefutwa na kicheko. Nilikuwa huru, Kondo, kwa mujibu wa kitabu. Nikaandika daftarini kwa uzuri kabisa. Nikainua kichwa, na wewe ulikuwa umekaa kiti cha mbele, cha pembeni ya dirisha, na mgongo wako, na lile shati la kijivu lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine. Saa nne asubuhi, jua lote ndani. Hukugeuka. Mpaka kipindi kinakwisha hukugeuka. Walipoanza kutoka, aliyeinuka pale alikuwa kijana wa Mbeya, hata shati lake halikuwa la kijivu.

Nilianza kuumwa tumbo. Upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha lote. Nikaenda hospitali, wakasema gesi, nipunguze karanga. Nikapunguza. Nikasema moyoni, basi, Albadiri inanizunguka, imemaliza mmoja inamtafuta wa pili.

Ningeendelea hivyo, nadhani, mtu huzoea hata mzuka. Lakini mwezi uliopita Zena alipita barazani na macho mekundu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, mama hana, mjomba anamwita mama akakae Chanika kwenye chumba cha uani. Na mama hataki kuondoka mjini kabla ya kufanya jambo moja. Ameongea tena na mwalimu. Safari hii isomwe kwa nguvu zaidi, na asiachwe mtu, aliye hai na aliyekufa, aliyeshiriki kuzila zile pesa. Siku saba zimeshatangazwa.

Aliye hai na aliyekufa. Zena aliyasema hivyo tu, akaendelea na safari yake.

Nilikaa na mguu juu ya pedeli bila kukanyaga. Mimi anisomee, sawa, nimezila. Lakini Mwajuma kukusomea wewe ukiwa humo kaburini, bila kujua. Na ubaya mkubwa zaidi: akija kujua. Akija kujua kwamba hata ile ya kwanza alimsomea mumewe, kisha akamuuguza, kisha akamwosha miguu. Nikimpelekea pesa nikasema ulinikopesha, namlipa deni na papo hapo namwua. Nisiposema, atasoma. Siku mbili nilitafuta njia kwenye vitabu. Vitabu vina kila aina ya mkataba, hiyo haimo.

Nikauza cherehani ya sindano mbili. Nilikuwa nimeangalia mkataba, dhamana waliyoandika kausha damu ni kitanda, godoro na redio, cherehani waliisahau. Nikaongeza ada ya muhula wa pili niliyokuwa nimeiweka. Nikapata milioni moja na laki nne kamili, nikabaki na nauli ambayo sikuihitaji, maana nilikwenda kwa miguu. Ilikuwa siku ya tano katika zile saba.

Mwajuma alikuwa anachambua mchele. Akanikaribisha, Karibu shemeji, karibu mpagazi, akamwambia Zena alete kigoda. Nilibaki nimesimama. Nikaweka pesa kwenye mkeka, na juu yake kitambulisho changu cha chuo.

Nikamwambia, "Mwizi ni mimi. Nilizichukua kwenye katoni Kondo alipokwenda kuswali. Hakujua mpaka anakufa."

Aliniamini papo hapo.

Nilisema kweli mbele ya msiba mzima, wakacheka mpaka wakaniwekea noti usoni. Nilisema uongo mbele ya mwanamke mmoja na ungo wa mchele, hata hakuuliza swali. Nilimwona akikumbuka. Nilimwona akinirudisha akilini pale mlangoni pa msiba, na kofia yako, na ada ya chuo kikuu.

Akasema polepole, "Kumbe siku ile ulikuwa unatucheka. Na maiti yuko mbele yako."

Jibu lilikuwepo, Kondo, lilikuwa mdomoni kabisa, nikalimeza na mate yake.

Alizihesabu mara mbili. Akamwambia Zena aende kwa mwalimu, akamwambie kisomo kimevunjwa, mali imerudi, na ile ya mwanzo ifunguliwe pia isimzunguke mtu. Hilo alilifanya hata kabla ya kunifukuza, nataka ujue ulioa mwanamke wa namna gani. Kisha akasema nisimwite tena shemeji, na siku akifa nisikanyage msibani kwake, si kama mtani wala kama jirani. Akarudi kwenye mchele wake. Nilipofika mlangoni nikasikia analia, lakini kile kilio kilikuwa chepesi. Kilikuwa cha mtu anayejua sasa wa kumchukia.

Kodi amelipa. Friji amepata, la mitumba, liko pale mlangoni, na mchana watoto wa shule wanapanga foleni ya barafu. Mimi napita upande wa pili wa barabara. Uani wote wameshajua, na Kariakoo nako habari imefika, mama wa mapazia siku hizi hukaa nami mpaka begi lake likamilike, haliachi. Kijana wa makava ameanza kufunga droo. Chuoni muhula wa pili nimeomba kuahirisha mpaka nipate ada, nitafanya mitihani ya huu nilioulipia, inaanza Jumatatu. Nimebaki na cherehani moja na kausha damu wa mwisho wa mwezi. Nitafika. Wewe unajua natembea na mzigo vizuri.

Nakuahidi haya, mtani, na leo sina kofia ya mtu kichwani. Nitamaliza chuo hata kama watanivalisha joho nikiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kausha damu nitawamaliza kabla hawajanimaliza. Na Mwajuma hatajua. Si kwangu, si kwa Zena, si hata nikiwa nimeshikwa na homa naweweseka. Msibani kwake sitakwenda, kama alivyotaka, nitakaa nyumbani kwangu nitamlilia kwa siri kama hawara.

Nawe nakuomba kitu kimoja, kisha nikuache ulale. Siku atakapofika huko, atakaa karibu nawe, na kabla hajavua hata kandambili atakusimulia jinsi Maganga alivyotuibia na bado akaja kucheza kwenye mlango wetu. Nakujua, utafungua mdomo. Funga, Kondo. Mwache anitukane mpaka amalize, muulize hata na wewe, "Yule mpagazi? Kweli?" Mshangae pamoja. Usinitetee.

Mimi wako,
Maganga